Daftari la Kutoka Mbulu hadi Katesh

Kwanza ilisikika fimbo. Lango lilikuwa bado halijaonekana, hata mparachichi uliosimama karibu kabisa na nyumba ulikuwa haujajitokeza kwenye ukungu, lakini tulisikia fimbo ya babu ikigonga nguzo: ko, ko, kimya kidogo, halafu ko ya mwisho iliyojivuta. Bibi aliacha mwiko ndani ya sufuria akasema, "Amefika." Mimi na kaka yangu Daudi tukakaa barazani tukiutazama weupe uliojaza ua, hadi ikatoka kofia, likatoka koti refu, na mwisho akatoka babu mzima, vumbi la Hanang limemshika kwenye pindo za suruali.

Hadi leo nikisikia mti ukigonga mti, mwili wangu hujiweka tayari kusikiliza. Na nikiingia kwenye duka la vifaa vya shule, nikainusa ile harufu ya gundi na karatasi mpya, hujikuta mbele ya rafu ya kaunta buku, zile zenye jalada gumu na mgongo wa kitambaa chekundu. Naishika moja, naipindapinda kidogo, najiuliza itafika wapi.

Mama yetu alikuwa muuguzi, akihamishwa kituo hadi kituo, kwa hiyo tulilelewa kwa babu na bibi, mlimani, nje kidogo ya mji wa Mbulu. Kwa lugha ya nyumbani babu tulimwita Ako. Watu wengine wakirudi safari huulizwa wameleta nini. Kwetu msafiri aliulizwa njia. Alipewa kigoda, akanawishwa mikono, akapewa maji ya kunywa. Chakula kilikuwa tayari mezani lakini kimefunikwa, na hakuna aliyekifunua mpaka msafiri atoe njia, yaani asimulie kila alipopita.

Kutoa njia kulikuwa na utaratibu wake. Sijui kama ulikuwa wa watu wetu wote au wa nyumba yetu tu, sijaukuta kwingine. Mtu akiondoka, anayebaki ndiye aliyefunga mlango, tena aliufunga kwa sauti, makusudi, ili anayekwenda ausikie mgongoni kwake. Njia ilianzia kwenye sauti hiyo. Kwa hiyo kila safari ya babu ilianza na maneno yale yale, "Nilisikia mlango," na sisi tukajua kwamba ni mkono wa bibi uliousukuma. Baada ya hapo njia ilikuja yenyewe bila kuruka kitu: Dongobesh na baridi yake, Bashanet, mteremko wa Dareda ambapo sweta linavuliwa, kisha Endasak, Nangwa, na mlima wa Hanang ambao babu alisema hukutazama muda wote kama mtu anayekudai salamu. Mwisho kabisa ulikuja mlango wa Shangazi Martina, binti yake, kule Jorodom, pembeni mwa mji wa Katesh. Babu alilala kwa shangazi, kisha akaenda Dirma kuwaona ng'ombe wake aliowaacha kwa rafiki, kama wengi wa kwetu wanavyofanya, ili ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki na kitu.

Njia iliyoanza kutolewa ilikuwa lazima imalizike. Mjomba wetu mmoja aliwahi kuikatiza yake katikati ya mteremko wa Dareda kwa sababu alisikia harufu ya nyama. Bibi alimtazama akitafuna, akasema, "Huyu bado hajafika." Wakubwa walicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama mjomba akilamba vidole, nikaamini kabisa kwamba aliyekaa pale ni mwili tu, na kwamba mjomba mwenyewe bado yuko kwenye zile kona, peke yake, akitafuta pa kushukia. Niliendelea kumwonea huruma muda mrefu. Kila alipokuja kututembelea nilimwongezea mboga.

Na mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kuogopa, maana nilikuwa mtoto wa kuanzia katikati. Sikuweza kusimulia kitu kikanyooka. Nilianza na mbuzi, nikarudi dukani, nikakumbuka mvua, nikasahau chumvi niliyotumwa. Daudi alikuwa na mdomo mtamu, akiniigiza hadi bibi anafuta machozi. "Mtume Paulina chumvi," alisema, "atakuletea habari ya mbuzi, na huyo mbuzi hutajua ni wa nani."

Kisha goti la babu likakataa. Hospitali walimpa dawa za kupaka na za kumeza, wakamwambia asahau habari za basi na vilima. Akawekewa kiti karibu na dirisha. Ukungu ulipoondoka aliweza kuona kipande cha barabara, na kila aliyepita langoni aliitwa. "Umetoka wapi? Hebu nipe njia."

"Njia nzuri tu, mzee," walijibu, wakaenda zao.

Babu alibaki ameinua uso, kama mtu aliyepokea bakuli akalikuta tupu.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipokaribia, Shangazi Martina alipiga simu akaomba apelekewe mtoto mmoja. Kila mtu alijua atakwenda Daudi. Daudi mwenyewe alishaanza kupiga viatu rangi. Lakini babu aliweka kikombe chini, akasema, "Aende Paulina."

"Ako!" Daudi akaruka. "Huyu ataanzia katikati! Utampokea hapa akupe mkia wa njia!"

"Wewe utanipa njia tamu," babu alimwambia, bila ukali. "Utaweka chumvi, utaweka pilipili. Mimi nataka ile iliyopo. Siendi tena kuiona."

Wote wakanitazama. Nilijua kinachosemwa. Nisipoileta njia, mzee yule hatakuwa nayo, na kiti cha dirishani kitabaki kuwa kiti tu. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaamua. "Nitaiandika," nikasema.

"Inaandikika?" babu akauliza. Hakuwa amesoma, na alikuwa anauliza kweli.

"Mwalimu amesema. Inaitwa shajara. Unakuwa na daftari, unaandika kila unapopita."

Babu aliligeuza jambo hilo kichwani, akawa anakuna goti lake. "Basi lazima tulichague vizuri hilo daftari," akasema. "Lisije likaisha ukiwa Dareda."

Sijui kama alitania. Mimi nililipokea neno hilo kama lilivyo. Kumbe daftari lazima litoshe njia! Likiwa dogo, utakwama pale ukurasa wa mwisho unapokwisha, kama mjomba. Likiwa kubwa mno, njia itakuwa haijamalizika, na utaendelea kwenda, uipite Katesh, uipite Singida, mpaka karatasi ziishe. Siku ile nilimwonea mwalimu wangu wivu na huruma kwa pamoja: alikuwa ametoka Bukoba, na nikajaribu kuwaza ukubwa wa daftari lililomleta.

Tulikwenda mjini siku ya soko, kwa bodaboda. Bibi alipinga, babu akapanda. Mimi nilikaa katikati, yeye nyuma yangu, na fimbo imelazwa kwenye mapaja yetu ikitokeza huku na huku.

"Mzee," dereva alisema, "hiyo fimbo itaondoka na sikio la mtu."

"Mwambie mtu aondoe sikio," babu akajibu, na tukateremka mjini watu wakitupisha.

Duka lilikuwa la Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga ambaye mume wake alihamishiwa ofisi za wilaya. Baridi ya Mbulu ilimpiga tangu siku ya kwanza, akawa anauza madaftari amevaa makoti mawili na khanga juu yake. Alimwamkia babu shikamoo kwa heshima zote, nami nikamwamkia yeye, akaitikia akifuta kaunta.

"Haya, mwanangu. Daftari la somo gani?"

"La kutoka Mbulu hadi Katesh."

Alinitazama, akamtazama babu, akisubiri mmoja wetu acheke.

"La kutoka Mbulu hadi Katesh ndiyo lipi hilo, jamani?"

"Lisiishie njiani," babu akaeleza. "Na lisizidi."

Mama Zuhura alikuwa mfanyabiashara. Hakuuliza mara ya pili. Alianza na la bei kubwa. Lilikuwa dogo, la waridi, lina picha ya farasi mwenye nywele ndefu, na ubavuni lina kufuli la kweli na ufunguo mdogo kama jino la mtoto. Sikuwahi kuona kitu kilichonitaka namna ile.

Babu alilishika kwa vidole viwili. "Kufuli la nini?"

"Ili asome mwenyewe tu, mzee. Mtu anakuwa na mambo yake."

"Njia haina mambo yake. Wote tunaipita." Akanigeukia. "Na huu ufunguo utafika nao wapi?"

Nilijijua. Nilikuwa nimepoteza kandambili nikiwa nimezivaa. "Dongobesh," nikakiri kwa sauti ndogo, na farasi akarudi kwenye rafu.

Likaja la pili, dayari ya mwaka uliopita, jeusi, zito kama la mheshimiwa. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe yake. Nilianza kupiga hesabu nikapata jasho. Kama mlango wetu ungeingia ukurasa wa mwaka mpya, Dongobesh ingenikuta wakati wa kwaresima, na mlima wa Hanang ningeuona karibu na Krismasi, nguo zimenibana.

"Hapana," nikasema haraka. "Hili ni la mbali sana."

Hapo ndipo babu alipotoa wazo ambalo mpaka leo naliona lina akili. Alisema lipimwe. Nguo hupimwa, viatu hupimwa. Yeye ataitoa njia pale pale dukani, mimi nifunue karatasi, moja kwa kila mahali, tuone daftari linafika wapi. Mama Zuhura akatoa daftari la kawaida la shule, jembamba. Babu akaegemea kaunta, akaliondoa goti bovu kwenye uzito, akafumba macho.

"Nilisikia mlango," akaanza.

Nikafunua.

Dukani palikuwa na mwanafunzi anayetoa kopi na mama mmoja aliyekuja kununua chaki za shule. Nakumbuka mashine ya kopi ilipomaliza, mwanafunzi hakuzichukua karatasi zake. Babu alitoka nyumbani, akapita mto, akafika stendi, akaingia Dongobesh kwenye baridi inayong'ata masikio, akanunua viazi vya kuchemsha kwa mwanamke anayeuza huku amempa mgongo mteja. Kabla hajafika Bashanet, daftari la shule likaisha.

"Nimekwama," nikasema.

"Mpe kubwa," mama wa chaki akaamuru, kana kwamba na yeye anasafiri.

Mama Zuhura akapanda kigoda akashusha kaunta buku. "Hii ni ya kwaya mbili, ina karatasi tele. Sasa huyu mtoto tumfikishe." Ilikuwa na jalada gumu lenye madoadoa kama yai la kanga, na mgongo mwekundu. Haikuwa nzuri. Ilinuka gundi na stoo. Babu akarudi mlangoni kwetu, maana njia haiungwi viraka, akaanza upya, nami nikafunua. Safari hii alipita Bashanet. Aliposhuka Dareda alishika kaunta kwa mikono yote miwili, na sisi sote tukahisi joto likipanda. Endasak. Nangwa. Mlima ukatokea. Sauti yake ikapungua kidogo, kama mtu anayeingia kwa watu. "Ni mlango wa kijani," akasema. "Nikabisha. Martina akasema, nani. Nikasema, baba yako. Nimefika."

Nikatazama mkononi. Kaunta buku ilikuwa imefunguka katikati. Upande wa kulia palibaki karatasi nyingi kama nilizopita. Machozi yakanijia.

"Imezidi, Ako. Nitapitiliza."

Babu alikuna kidevu. Naye aliona tatizo. Ni Mama Zuhura aliyeinama kwenye kaunta, akanitazama kwa karibu.

"Na kurudi je?" akauliza. "Kwani wewe hurudi?"

Nakumbuka babu alivyocheka. Alicheka akipiga kaunta na kiganja, mama wa chaki akacheka, hata mimi nikacheka pua zikinitiririka. Mama Zuhura alikata kipande cha karatasi nyekundu akakipachika katikati kabisa, pale nyumba ya shangazi ilipoangukia, ili nijue mwisho wa kwenda na mwanzo wa kurudi. Akaipangusa kaunta buku na ncha ya khanga ingawa haikuwa na vumbi. "La kwangu mimi la kuja lilijaa zamani," akasema. "La kurudi Tanga bado sijalinunua." Kisha akatufungia kwenye gazeti.

Asubuhi ya kuondoka, bibi aliufunga mlango nyuma yangu mpaka bati likatetemeka. Kondakta aliyekabidhiwa mimi alinikalisha dirishani, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika: Nilisikia mlango. Nikaona neno limenyooka. Nikanogewa. Nikaandika rangi ya lango, na nguzo, na jirani aliyekuwa anakamua ng'ombe mwenye hasira, na sweta la kondakta lililofumuka kiwiko, na kuku wa mama wa mbele aliyekuwa akitazama nje kama anayejua anakoshukia. Basi lilirusha herufi zangu zikapanda mistari ya juu, nikazifuata. Mto mmoja ulikula kurasa kadhaa. Dongobesh ilikula nyingi zaidi, kwa sababu yule mwanamke wa viazi kweli aliuza amenipa mgongo, nikataka babu ajue kwamba bado yupo.

Basi lilipoanza kuinama kwenye mteremko wa Dareda, nikafunua, na nikakutana na karatasi nyekundu.

Niliifunga kaunta buku kwa mikono miwili kama mtu anayeziba chungu kinachochemka. Nilikuwa nimemaliza kwenda, na bado sijafika. Nikigusa karatasi moja tu ya upande wa pili, nakula njia ya kurudi. Nikizila zote, nitabaki Katesh maisha yangu yote, na babu atakaa dirishani akisubiri fimbo isiyogonga. Kwa hiyo sikuandika. Nilikazia macho nje nikatamka kila kitu kimyakimya: kona, kona, mtu na baiskeli, sweta nimevua, Endasak, tangi la maji, Nangwa, mlima. Kila kilipokuja kipya nilirudia kuanzia kona ya kwanza ili vya nyuma visipotee. Kondakta aliuliza kama nasali.

Shangazi Martina alinikuta stendi nimevimba uso. Alikuwa mrefu kama babu, anatembea kwa mikono nyuma kama babu. Nyumbani kwake, baada ya mlango wa kijani kufunguliwa, nilimwonyesha karatasi nyekundu nikamweleza. Alianza kucheka, akajizuia. Alikuwa amekulia nyumba ile ile. Alijua mtu anaweza kufika bila kufika.

"Sasa wewe," akasema, "shuleni hamgeuzi daftari? Sisi tuliandika Kiswahili mbele, hesabu nyuma." Akaichukua kaunta buku, akaipindua chini juu, akafungua jalada la mwisho. Palikuwa peupe. "Kurudi kutaanzia huku. Kwenda kutaendelea kule. Mkikutana, pishaneni."

Nilikaa kwenye ngazi yake nikaiandika Dareda. Na hapa ndipo kiliponitokea kitu ambacho ningependa kukisema polepole. Vitu vilikuja kwa foleni. Kona, kona, mtu na baiskeli, sweta. Hakuna aliyemruka mwenzake. Sikuwahi kuwa na vitu vinavyonisubiri zamu kichwani mwangu, na nilinyanyua peni nikatazama mlima kama vile ndio ulionifanyia hivyo. Siku iliyofuata shangazi alinipeleka Dirma, nikamwona ng'ombe wa babu mwenye paji jeupe, ambaye ulimi wake ulinipangusa mkono kama msasa. Nilimwandika yeye peke yake. Wengine sikuwahesabu, kwa kuwa ng'ombe wa mtu hawahesabiwi.

Ile nyumba ya Jorodom leo haipo. Asubuhi moja tope na mawe vilishuka kutoka mlimani, na shangazi alitoka na nguo alizovaa. Ana nyumba nyingine sasa, yenye mlango wa chuma ambao bado hajaupenda. Nilipokwenda kumwona hakuniuliza habari za vitabu ninavyoandika. Aliniuliza, "Ule mlango wangu bado unao?" Nilikuwa nao. Nikamsomea: kijani, umechubuka karibu na kitasa, chini una alama ya mbwa aliyetaka kuingia, unalia ukifunguliwa lakini ukifungwa haulii. Alisikiliza amefumba macho. "Ndio huo," akasema. Nimeshawahi kupigiwa makofi ukumbini na watu wanaojua kusifu. Hakuna siku niliyotembea nimenyooka kama siku ile.

Siku ya kurudi ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini ya Dongobesh, na nilipofika nyumbani sikuliona lango mpaka nikaligusa. Sikuwa na fimbo. Nikatoa kaunta buku, nikagonga nguzo kwa kona ya jalada. Ko, ko. Nikasubiri. Ko.

Ndani, mwiko uliangushwa kwenye sufuria.

Walinipa kigoda cha babu. Walinawisha mikono yangu, wakanipa maji. Mezani palikuwa na makande na maziwa ya mgando, vimefunikwa kwa ungo, na Daudi amekaa karibu navyo akinitazama kwa tabasamu la mtu aliyeshakuja na utani wake tayari. Babu aligeuza kiti kutoka dirishani.

"Haya," akasema. "Nipe njia."

"Nilisikia mlango," nikasoma. Bibi alishusha macho kwenye mikono yake.

Niliitoa yote. Kwa yule mwanamke wa viazi babu alipiga paja akasema, "Bado yupo!" Niliposhuka Dareda nilimwona mguu wake, ule mbovu, ukikandamiza sakafu kwenye kila kona kama anayefunga breki. Kwa ng'ombe mwenye paji jeupe alinyoosha mkono wake mwenyewe akautazama. Kisha nikaipindua kaunta buku chini juu nikaanza kurudi, na Daudi, ambaye alikuwa amesahau utani wake, akaupata. Aliona kwamba kati ya mwisho wa kwenda na mwisho wa kurudi palibaki karatasi tupu.

"Ako, angalia! Njia yake ina shimo katikati!"

Nikaziona. Zamani ningelia. Nilizishika zile karatasi nyeupe, nikafikiri, na jibu likaja limenyooka.

"Siyo shimo," nikasema. "Hapo nilikuwa nimekaa kwa Shangazi. Mtu akiwa amekaa, hakuna njia."

Moto ulilia kidogo. Babu alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama Daudi, na kwa sauti ile ile aliyoambiwa yeye kila aliporudi safari, akasema, "Mfunulieni mgeni chakula."

Daudi ndiye aliyenyanyua ungo. Alinipakulia mwenyewe, akajaza mpaka ukingoni, akaninong'oneza, "Na huyo kuku alishukia wapi?"

Baada ya hapo babu alinituma kila mahali. Sokoni, kanisani, kwa majirani. Nilirudi na njia hata ya kisimani. Kaunta buku zilifuatana, kila moja tukaichagua kwa kuipima, mpaka Mama Zuhura akawa anatuwekea kigoda tukiingia. Na matokeo ya darasa la saba yalipotoka nikachaguliwa sekondari ya bweni, mbali kuliko Katesh, mbali kuliko alikowahi kufika babu, sikumwuliza mtu daftari la ukubwa gani. Nilijua halijatengenezwa. Nilichukua moja, ya kuanzia.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa ua mzima. Daudi alishatangulia langoni na tranka langu kichwani. Nilimpa babu mkono nikamuaga, nikamkumbatia bibi, nikatoka nje, na bibi akaweka kiganja kwenye mlango kama siku zote.

"Acha," nikamsikia babu akisema ndani. "Huu ni wangu."

Hakuwahi kuufunga mlango ule nyuma ya mtu yeyote. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeondoka. Nilisimama uani bila kugeuka, maana anayekwenda hageuki, nikasikia kiti kikilia, fimbo ikigonga sakafu, mguu ukiburutwa, ukipumzika, ukiburutwa tena. Nilikuwa sioni lango, sioni mparachichi, sioni hata viatu vyangu vipya. Nikakaza mkono kwenye jalada la kaunta buku, nikasubiri.

Nilisikia mlango.